Antena si kofia ya mashine, madogo

Leo nimemkuta dogo wa fildi, tunapima ardhi kwa mashine za GPS, kasimika beisi (ile mashine inayokaa pointi moja) ubavuni mwa kontena, yaani antena imetazamana na bati kabisa, halafu ananiuliza eti bro mbona rova (ile tunayotembea nayo) inakaa kwenye floti tu, yaani haifiki fiksi, jibu la uhakika? Kila mwaka wanakuja wapya na kila mwaka kontena ni lile lile. Haya, nayaandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena nitume linki. Mnaojua piteni.

1. Ondoka kwenye bati. Wimbi la L1, ishara kuu ya setilaiti za GPS, lina urefu wa sentimita 19, linatoka kilomita elfu 20 na ushee huko juu, na likifika kwako limechoka, ni dhaifu kuliko kelele ya mashine yenyewe. Linakuja likizunguka kulia. Likigonga bati au maji mara nyingi linageuka linazunguka kushoto, na antena ya maana imetengenezwa ilikatae hilo la kushoto, ila hailikatai lote, hasa linaloingia kwa chini. Ndo maana jamaa wa JPL, maabara ya NASA kule California, miaka ya 1980 walikuja na zile antena zenye pete za chuma, vina vyake ni kama robo ya wimbi, zinaua wimbi linaloingia kutoka chini. Sisi bajeti ya pete hatuna, kwa hiyo chukua traipodi uhame, mbona uwanja upo! Na usinionyeshe simu yako eti "mbona hii inashika hapa hapa". Antena ya simu nyingi haichagui kulia wala kushoto, inakula vyote, hiyo ni sababu mojawapo ukiwa Kariakoo katikati ya maghorofa inakwambia uko mtaa wa pili.

2. Kebo nyembamba ya RG174 kutoka antena hadi mashine inakula desibeli moja na ushee ya ishara kila mita, na kuchomeka ampu (kikuza ishara) huku chini hakusaidii maana unakuza na kelele, ampu inayohesabika ni ile ya kwanza iliyo ndani ya antena.

3. Kimo cha antena. Hapa nakaa kidogo.

Kile mashine inachokupa si nafasi ya msumari wa pointi ulioko chini, ni nafasi ya kitovu cha fezi, sehemu humo ndani ya antena inapopokelea wimbi, ambayo huwezi kuigusa kwa tepu, na L1 ina yake, L2 (ishara ya pili ya setilaiti) ina yake, na inasogea kidogo kulingana na setilaiti iko upande gani wa anga. Wewe unapima mpaka ARP, yaani chini kabisa pale antena inapokaa, programu inaongeza yenyewe kilichobaki. Sharti uiambie umepima mpaka wapi.

Mimi sikuiambia. Tulikuwa tunapigia pegi mtaro wa maji ya mvua, mteremko mdogo sana, sentimita 3 kila mita 10. Nikaanzia chini kwenye mdomo wa kutolea maji, nikapima kimo vizuri mpaka ARP, nikaandika na kwenye daftari, ila kontrola, ile kompyuta ya mkononi ya mashine, ilikuwa imebaki na seti ya kazi iliyopita, kimo mpaka kitovu cha fezi. Kwa mashine zetu zile tofauti ilikuwa kama sentimita 9. Beisi ikaamini antena yake iko chini kuliko ilivyo, kwa hiyo kila pegi niliyoweka ikasoma chini, nikawa naipandisha, zote zikasimama sentimita 9 juu ya inavyotakiwa. Na skrini? Fiksi ipo, usahihi milimita kadhaa, X na Y safi kabisa, mimi napiga mluzi. Kesho yake mwenzangu akaendelea na kipande cha juu, yeye akaweka seti sahihi, wala hatukuulizana. Pointi ya kontroli, yaani ile ambayo kimo chake kinajulikana tayari, ilikuwa pale pale karibu na barabara, ningeigonga (ningeipima) dakika mbili tu ningejua, nikasema aah tutaigonga mwisho.

Aliyetushika si mhandisi, ni fundi mzee aliyekuwa anaunganisha vipande viwili na mpira wake wa maji, ule mpira mweupe wa kupigia levo. Akaupima upande huu, akaupima upande ule, akarudia, akanyanyuka taratibu akaniita: "Mwanangu, mashine yako inataka maji yapande mlima." Nikambishia! Nikamwambia hii ni setilaiti mzee. Tukaleta mashine ya levo kutoka sait ya jirani, mpira ulikuwa sahihi. Ukipiga hesabu, sentimita 9 kwa mteremko ule ni mita 30 za maji yaliyolala. Kipande cha chini kilishamwagwa zege, tukakivunja, na mkandarasi alinitazama kwa namna ambayo sihitaji kuieleza hapa.

Sasa mnaponipa daftari limeandikwa "1.52" bila kusema ni wima au mshazari, mpaka ARP au mpaka ukingoni, mnadhani nakasirika bure. Chora! Mchoro wa traipodi na mshale, sekunde kumi. Na gonga kontroli kabla ya kazi, sio mwisho.

4. Kwenye RINEX, faili la vipimo vya mashine, jina la antena liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye faili la antena la IGS, shirika la kimataifa la huduma za GPS, pamoja na zile herufi nne za kava (kifuniko cha antena), hata kama ni NONE, na alama ya kaskazini ya antena itazame kaskazini. Kuna dogo aliipaka antena ya ofisi rangi ya silva "isiibiwe". Silva ina unga wa chuma ndani. Haikuibiwa, na setilaiti nazo hazikuipata tena.

5. Statiki ndefu, yaani kuacha mashine irekodi pointi moja kwa saa nyingi, maliza kabla jua halijazama. Huku kwetu karibu na ikweta, kuanzia saa moja jioni hadi karibu saa sita usiku anga la juu linachafuka, hasa karibu na Machi na Septemba, ishara zinayumba na fezi inakatika hata kwa antena ya bei mbaya. Kwa hiyo saa mbili usiku mashine ikikata usinipigie kuuliza kama antena imekufa, zima ulale, utaiwasha asubuhi.