Kuingiza wimbo wa kwaya katika gemu ya kaseti

Wakati wa baridi ya Juni hapa Uyole niliamua kuuondoa muziki wa hatua ya kwanza wa gemu ya Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo) niliyoicheza utotoni, kwa kuhariri faili ya gemu hiyo kwenye kompyuta, na kuweka mahali pake wimbo unaoimbwa na kwaya yetu. Nilipoteza karibu wiki tatu kwa kuanza na nota kabla sijaelewa zinahifadhiwa wapi, na ndiyo maana ninamshauri kila anayenuia kazi hii aanze na vielekezi.

Kielekezi ni baiti mbili (baiti ni namba moja ndogo ndani ya faili) zinazoiambia programu ya muziki mahali ambapo sauti ya chaneli fulani, yaani njia moja ya sauti, inaanzia. Prosesa ya Famicom, mashine iliyotoka Japani mwaka 1983, husoma baiti ya chini kwanza, hivyo anwani 8A40 (ni heksadesimali, namba za msingi wa 16: 0 hadi 9 kisha A hadi F) utaikuta imeandikwa 40 8A. Katika gemu ndogo ambayo programu yake ya kilobaiti 32 huanzia anwani 8000, toa 8000 kisha ongeza 10 ya heksadesimali, yaani baiti 16 za utambulisho zilizo mwanzoni mwa faili, nawe utafika 0A50. Mimi, kwa kutolijua hilo, nilichomeka baiti 6 katikati ya besi. Kila kilichofuata kikasogea, vielekezi vikabaki vikionyesha mahali pa zamani, na gemu ikaganda. Andika juu ya baiti zilizopo, usichomeke kamwe. Wimbo ukizidi nafasi yake, tafuta eneo lisilotumika, ambalo mara nyingi ni mfululizo mrefu wa FF, uuweke huko, kisha ubadilishe kielekezi. Nakala ya faili halisi ibaki kando bila kuguswa.

Nota zenyewe kwa kawaida ni namba za mistari ya jedwali lililopangwa kwa nusu toni, kwa hiyo aliyezoea solfa ya kwaya hapati shida: akishaijua do, nyingine atazihesabu.

Ugumu uko kwenye sauti nne. Chipu ya sauti ina chaneli mbili za mawimbi ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya kelele na moja ya sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa. Za kubebea wimbo, basi, ni tatu tu. Besi niliipa pembetatu, ambayo kwa namba ileile husikika oktavu moja chini ya mraba, ingawa ukubwa wa sauti yake haurekebishwi. Soprano ilichukua mraba mmoja. Alto na tenor zikagombea uliobaki, nami nilichagua kodi kwa kodi (kodi ni nota zinazolia pamoja), nikibakiza ile yenye mi, kwa sababu do-mi-so ikikosa so bado inajulikana, lakini ikikosa mi hubaki tupu.

Usiridhike kwa kuusikiliza wimbo huku mhusika wa gemu amesimama. Cheza hatua nzima. Katika gemu yangu sauti ya kila mruko iliazima mraba wa kwanza na kuimeza soprano, mpaka nilipoihamishia wa pili.