Maswali ya Wasomaji: Dola za Fedha Zilizoshika Rangi

Barua za safari hii zinahusu dola kuukuu za fedha za Marekani ambazo zimeshika rangi zenyewe kwa miaka. Nyingi ni za aina iitwayo Morgan, zilizotengenezwa 1878 hadi 1904 na tena 1921. Chache ni za aina iitwayo Peace, zilizoanza mwishoni mwa 1921 na kukoma 1935. Vipimo ni vile vile kwa zote: uzito gramu 26.73, upana milimita 38.1, fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10.

Nina dola ya Morgan ya 1881, ina herufi S upande wa tai. Upande huo ni mweupe, lakini upande wa sura shavu limepitiwa na hilali ya dhahabu, nyekundu na bluu. Mjomba anasema ni kutu, niisugue. Nifanyeje? – Msomaji, Houston

Mwambie mjomba asiiguse. (Herufi S ni ya kiwanda cha San Francisco.) Huo ni utando wa sulfidi ya fedha. Salfa iliyomo hewani, kwenye karatasi au kwenye kitambaa hushikana na fedha, na utando unaotokea ni mwembamba kiasi kwamba mwanga unaorudi kutoka juu yake hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake. Baadhi ya rangi hufutika, nyingine huzidi nguvu. Kwa hiyo kila rangi unayoiona inakupa habari ya unene wa utando mahali pale.

Hilali nayo ina sababu. Dola hizi zilifungwa katika mifuko ya turubai, 1,000 kila mfuko, na nyingi zililala katika ghala za Hazina ya Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sarafu iliyoegemea kitambaa ilishika rangi upande huo tu. Pale ilipofunikwa na jirani yake ikabaki nyeupe, na mpaka ukachorwa kwa duara la huyo jirani. Chukua lenzi ya kukuza mara 5 utazame sehemu yenye rangi nzito: mara nyingine huonekana vimraba vidogo vidogo vilivyopangwa safu, alama ya nyuzi za mfuko wenyewe. Upande wa pili kubaki mweupe ni jambo la kawaida kwa sarafu zilizokaa katika mifuko hiyo, tena linatia moyo.

Mtandaoni naona dola zenye zambarau na bluu kali, bei nafuu. Nitazijuaje zilizopikwa, yaani zilizotiwa rangi kwa makusudi? – Msomaji, Dubai

Anza na mpangilio wa rangi, kwa sababu ndio mgumu kuughushi. Utando ukinenepa, rangi hufuatana hivi: manjano hafifu, dhahabu nzito, kahawia nyekundu, zambarau, bluu iliyoiva, kisha bluu nyepesi ya anga. Hapo duru ya pili huanza: manjano tena, waridi, kijani. Mbele yake rangi huchafuka na kuishia nyeusi. Kwenye sarafu halali unaweza kutembea kutoka sehemu nyeupe hadi sehemu nzito ukapita kila kituo, hata kama kituo kingine ni uzi mwembamba tu. Kijani kilichopakana moja kwa moja na fedha nyeupe, au bluu iliyotua katikati ya weupe bila ukingo wa dhahabu na zambarau, ni sababu ya kuirudisha sarafu kwa mwenyewe.

Halafu tazama kandokando ya herufi na nyota. Sarafu ilipogongwa, chuma (yaani metali ya sarafu) kilitiririka kwa nguvu kuingia kwenye maumbo hayo, na uso wa pale ukawa tofauti kidogo na uwanda, ile sehemu tambarare isiyo na pambo. Rangi ya asili mara nyingi huchelewa hapo, ikaacha ukingo mwembamba mweupe au wa rangi ya hatua ya nyuma. Rangi ya kupikwa hupita juu ya kila kitu sawasawa.

Wapishi hutumia miyeyusho ya salfa, moto wa oveni, au mvuke wa kemikali. Haraka yao huacha dalili: michirizi ya kimiminika iliyotiririka, madoa yenye kingo kali, waridi na bluu za kung'ara pande zote mbili kwa nguvu ile ile, pengine hata harufu. Dalili kubwa kuliko zote iko kwenye mikwaruzo. Wengi huchukua sarafu iliyosafishwa vibaya na kuipika ili kuficha mikwaruzo, na utando hujikusanya ndani ya michirizi hiyo ukaonekana mzito zaidi pale. Inamishe sarafu chini ya taa: ukiona nywele nyembamba za mikwaruzo zimeshika rangi kuliko uso unaozizunguka, hadithi imekwisha.

Mambo mawili zaidi. Dola iliyochakaa kwa kupita mikononi haina kawaida ya kushika upinde wa mvua. Fedha iliyolika hugeuka kijivu. Na dola za Peace zenye rangi nzuri za asili ni haba mno. Akikuletea mtu tano kwa mpigo, zote zinawaka, usihangaike hata kutoa lenzi.

Kuhusu picha: taa ikiwekwa kwa pembe fulani, sarafu ya kahawia hutoka kama taa ya sherehe. Mwombe muuzaji video fupi sarafu ikiinamishwa polepole chini ya balbu moja. Anayekataa amekujibu.

Gredi ya sarafu yenye rangi inapimwaje? Rangi inaongeza au inapunguza? – Msomaji, Nairobi

Pima chuma kwanza, rangi iwe mwisho. Kipimo ni kile cha 1 hadi 70 kilichotokana na kazi ya William Sheldon mwaka 1949. Kuanzia 60 kwenda juu sarafu haijatumika kabisa. 50 hadi 58 imeguswa kidogo tu.

Tayarisha mahali. Zima taa za chumba, tumia balbu moja ya nyuzi ya wati 75 au 100, sarafu iwe sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye taa. Taa ya tyubu hutawanya mwanga na kuficha makosa. Tandika kitambaa laini mezani, shika sarafu kwenye ukingo tu, kwa kidole gumba na cha shahada.

Sasa izungushe na kuiinamisha. Uso ambao haujatumika una mistari midogo sana ya mtiririko wa chuma, na mistari hiyo hufanya mng'ao utembee kuzunguka sarafu unapoinamisha. Mng'ao huo lazima uonekane hata chini ya rangi. Ukisimama, ukakatika, au rangi ikawa imelala tu juu ya uso uliokufa, sarafu imesafishwa au utando umeula uso.

Kwenye Morgan, uchakavu huanza katika nywele zilizo juu ya sikio, kwenye shavu, na kwenye majani ya pamba yaliyo juu ya kofia. Upande wa tai huanza kifuani na kwenye ncha za mabawa. Hapa watu wengi hukosea: nywele bapa juu ya sikio na kifua cha tai kisicho na manyoya huweza kuwa ni pigo dhaifu la mashine, wala si uchakavu. Sarafu za kiwanda cha New Orleans zina sifa hiyo, na ya 1892 yenye herufi O ni mfano unaojulikana. Tofauti iko kwenye mng'ao. Penye pigo dhaifu mng'ao huendelea hadi juu ya sehemu bapa. Penye uchakavu hukatika, na sehemu hiyo hugeuka kijivu kisicho na uhai. Kwenye sarafu yenye rangi, sehemu iliyosuguliwa mara nyingi huwa na rangi tofauti na jirani zake, kwa hiyo chunguza kilele cha shavu kwa makini.

Kisha hesabu majeraha. Mfuko wa sarafu 1,000 una kilo 26 na ushee, na kila ulipotupwa sakafuni kingo za sarafu ziliuma mashavu ya nyingine. Shavu la Morgan ni pana na halina pambo, hivyo kovu moja pale huumiza kuliko matatu yaliyojificha kwenye nywele au kati ya majani ya shada. Kwa makadirio: 60 hadi 62 ina makovu mengi au mng'ao hafifu, 63 ina makovu yanayoonekana mara moja shavuni na kwenye uwanda, 64 ina machache, 65 unalazimika kuyatafuta, na mng'ao ni kamili, 66 na 67 shavu ni karibu safi.

Rangi hufunika makovu na mikwaruzo. Inamisha hadi ufikie pembe ambayo rangi hunyamaza na uso wa chuma ukajitokeza, upime hapo. Baada ya hayo ndipo uamue uzuri. Rangi ang'avu, iliyopangika, yenye mng'ao chini yake huweza kuinua sarafu kwa alama moja hivi. Kahawia zito lenye mabaka huivuta chini hata kama shavu ni safi. Maoni yetu: wanunuzi wapya hulipia mno wingi wa rangi na kusahau uwazi wake. Hilali nyembamba ya dhahabu na bluu juu ya 65 yenye mng'ao mkali inapendeza kuliko 63 iliyofunikwa zambarau pande zote.

Ukitaka kuzoesha jicho, nunua kwanza nyeupe ya San Francisco ya 1879 hadi 1882. Ziligongwa vizuri, zina mng'ao, na hupatikana bila shida. Ukishajua uso mzima unavyoonekana, rangi haitakudanganya kirahisi.

Yangu ni nyeusi tii. Dawa ya kuzamisha itaisafisha? – Msomaji, Dar es Salaam

Weusi utaondoka, lakini utakachokikuta chini hutakipenda. Dawa hizo zina asidi na thayourea; huyeyusha utando pamoja na fedha iliyo chini yake, na ile mistari ya mtiririko inayotoa mng'ao ndiyo hutangulia kupotea. Utando uliofika weusi umekwisha kutumia fedha nyingi ya uso, kwa hiyo sarafu hutoka nyeupe iliyofifia. Majivu, limao na dawa ya meno ni vibaya zaidi, maana hukwaruza au kula uso. Iache ilivyo.

Kinachoruhusiwa ni asetoni safi (si ile ya kuondolea rangi ya kucha, yenye mafuta na manukato). Huondoa gundi, mafuta ya vidole na ute wa kijani unaotoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, na haigusi rangi ya asili. Weka sarafu katika bakuli la kioo dakika chache, ihamishie kwenye bakuli la pili lenye asetoni mpya, isimamishe ikauke yenyewe. Usisugue. Fanya kazi penye hewa, mbali na moto. Rangi ikianza kuyeyuka na kuingia kwenye asetoni, ulikuwa umeuziwa rangi ya kupakwa.

Ikiwa imo ndani ya kisanduku cha plastiki cha PCGS au NGC, nina haja ya kuangalia tena? – Msomaji, Toronto

Ndiyo. Kampuni hizo za kupima gredi za sarafu, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zinakataa kutoa gredi ya kawaida kwa rangi zinazotiliwa shaka, na hiyo ni kinga kubwa. Visanduku navyo vimeghushiwa, kwa hiyo linganisha namba ya cheti na picha iliyo kwenye tovuti ya kampuni. Kuhusu bei, orodha nyingi huzungumzia sarafu ya kawaida ya gredi hiyo. Tafuta bei ya nyeupe kwanza, uitoe kwenye bei unayotajiwa. Kinachobaki ndicho unacholipia rangi. Kama rangi imekwisha kusaidia kuinua gredi, unalipishwa mara mbili.

Mombasa kuna joto na chumvi. Nizihifadhi vipi zisiendelee kubadilika? – Msomaji, Mombasa

Maadui ni unyevu, salfa na chumvi. Tumia vikasha vya plastiki ngumu au vifuko vya poliesta. Plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafu ni PVC, itupe. Usitumie mipira ya kufungia, gazeti, boksi la kawaida wala kitambaa cha sufu, kwani vyote vina salfa. Kabati la mbao nalo hutoa mvuke wa asidi. Weka sarafu katika kontena lenye mfuniko wa kubana pamoja na silika jeli, unyevu ukae chini ya asilimia 50, na uikaushe silika kila rangi yake inapobadilika. Mbali na jiko la mafuta ya taa, tafadhali.

Nimerithi reale za Maria Theresa za 1780. Nazo zinathaminiwa kwa rangi? – Msomaji, Muscat

Kwa namna nyingine. Reale hii, sarafu ya fedha ya Austria, ina gramu 28.07 na fedha asilimia 83.3, na mwaka 1780 uliendelea kuandikwa hata kwa zilizotengenezwa zaidi ya karne moja baadaye, zikiwemo za London, Bombay na Roma. Zilizozunguka Unguja, Oman na Uhabeshi zimelika, na uzuri wake ni kijivu tulivu: kizito mabondeni kati ya herufi na manyoya, chepesi kwenye vilele. Kilele na bonde vikiwa na weupe mmoja, imeng'arishwa. Kagua pia ukingo wa juu penye taji kama kuna alama ya risasi ya kuchomelea, kwa maana nyingi zilitiwa kishikizo zikavaliwa shingoni, na kuondolewa kwa kishikizo hicho hupunguza bei kuliko uchakavu wowote.