Saa ya kwanza baada ya kumpata kamba: kwa wanaoanza kazi Mtwara

Ninyi mnaoanza kukusanya kamba wadogo wa matumbawe huko Msimbati mtasikia mengi kuhusu kugundua spishi mpya, lakini kwa uzoefu wangu kazi hiyo hutengemaa au huharibika katika saa ya kwanza, kamba akiwa bado hai. Sizungumzii vibali, eneo hilo limo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, na bila ruhusa ya maandishi hata chupa msifungue.

Kamba akishatiwa kwenye ethanoli, yaani alkoholi ya kuhifadhia, rangi yake hupotea, na madoa ambayo pengine ndiyo pekee yanayotenganisha spishi mbili zinazofanana hufutika. Mpigeni picha kwanza, ubavuni na mgongoni, ndani ya kisahani cha maji ya bahari. Andikeni pia alikuwa juu ya nini, kwa kuwa wengi wao huishi na viumbe maalumu: tumbawe, anemoni au jongoo bahari. Kina mama wanaochokoa pweza wakati wa bamvua wanaijua miamba hiyo kuliko ramani yoyote. Waulizeni kwa adabu.

Lebo iandikwe kwa penseli na itumbukizwe ndani ya chupa. Msimu wangu wa kwanza nilitumia kalamu ya wino, na asubuhi nikakuta ethanoli ya samawati na vikaratasi vyeupe. Kazi ya bamvua nzima ikawa haina mahali ilikotoka. Fomalini, dawa nyingine ya kuhifadhia, iepukeni, maana huharibu vinasaba.

Mezani, chini ya hadubini, hesabuni meno ya mwiba unaochomoza kati ya macho, pimeni gamba la kifua bila mwiba huo, kisha linganisheni na maelezo yote ya zamani kabla ya kushangilia. Mwaka 1967 kamba mmoja wa Bahari ya Hindi alipewa jina Periclimenes imperator. Baadaye ilionekana kuwa ni yuleyule aliyekwisha kuelezwa mwaka 1922, ambaye leo huitwa Zenopontonia rex. Aliyekosea hapo alikuwa bingwa, si mwanagenzi.

Mkiridhika kuwa ni spishi mpya, teueni sampuli moja iwe holotaipu, yaani kielelezo rasmi cha jina la spishi, na ikabidhiwe makumbusho. Magando hukatika kwa urahisi. Likikatika moja, litieni katika kichupa chake ndani ya chupa ileile, pamoja na namba yake, kwa penseli.