Gari kuvuta kushoto ukikanyaga breki: mwambie fundi afungue na upande wa kulia

Ndugu mwenye Toyota Fielder, umesema ukikanyaga breki gari linavuta kushoto, asubuhi breki zinalia kama filimbi, na gereji imekuandikia KSh 38,000: kalipa ya kushoto (kile kifaa kinachobana pedi), masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali), diski za mbele (sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu), na pedi mbele na nyuma (vile vipande vinavyobana diski). Unauliza ulipe au uache. Usilipe hata shilingi kabla hawajafungua magurudumu yote manne ukiwa umesimama hapo hapo. Ugonjwa huo ulinila pesa miaka mitatu iliyopita, na sitaki ukule na wewe.

Nilikuwa nashuka Waiyaki Way kuelekea Westlands, matatu ikaingia mbele yangu ghafla. Nikakanyaga, usukani ukaponyoka kwenda kushoto, nikasimama nusu niko leni ya jirani. Kesho yake nikaenda gereji moja Industrial Area. Wakafungua gurudumu la kushoto tu, kwa kuwa ndiko gari lilikokuwa linaelekea, wakasema kalipa imekufa. Nikalipa 11,500. Natoka getini, bado linavuta. Sasa wakasema ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawa, nikatoa 2,000 nyingine. Likaendelea kuvuta.

Jirani yangu akanipeleka kwa mzee mmoja Kirinyaga Road, kule wengi bado tunaita Grogan. Mzee akapima kwanza upepo wa tairi, maana tairi yenye upepo mdogo nayo huvuta gari. Kisha akaweka jeki upande wa kulia. Nikamwambia, "Mzee, shida iko kushoto." Akajibu huku anafungua nati: "Kijana, gari hukimbilia upande wenye nguvu."

Akatoa pedi mbili za gurudumu hilo akaniwekea kiganjani. Ya ndani ilikuwa imebaki nyembamba kama sarafu, ya nje bado nene karibu kama mpya. Akanieleza kwamba kalipa za magari haya zina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa yenyewe inateleza juu ya pini mbili na kuibana pedi ya nje. Pini zikishikwa na kutu, kalipa haitelezi, kwa hiyo pedi ya ndani inabaki kufanya kazi karibu peke yake. Breki ya kulia inalegea, ya kushoto inashika kwa nguvu zake zote, na gari linaenda kushoto. Upande niliouziwa kalipa ndio uliokuwa mzima!

Pini ya chini ilitoka kwa nyundo, imekuwa rangi ya kahawia, na mpira wake ulikuwa umechanika. Maji yaliingilia hapo. Akaisugua kwa msasa laini, akaifuta, akaipaka grisi ya breki, akairudisha. Akaisukuma kwa kidole kimoja, ikaingia na kutoka bila kukwama. Akanionya nisikubali grisi ya kawaida ipakwe hapo, kwa sababu huvimbisha mipira na pini hukwama tena. Mipira ilikuwa 600, pedi za mbele 2,800, kazi 1,000. Jumla 4,400, na gari likanyooka.

Sasa turudi kwa orodha yako. Hiyo filimbi mara nyingi ni kibati kidogo kilichowekwa kwenye pedi makusudi, kinagusa diski pedi zikibaki kama milimita 3. Hapo pedi zinahitajika kweli. Ila kama sauti inapotea ukishakanyaga mara mbili tatu, hasa baada ya mvua, huenda ni kutu nyepesi tu juu ya diski. Ukisikia chuma kinakwaruza chuma, egesha, usiendeshe hata mpaka dukani.

Diski zina unene wa mwisho uliopigwa chapa juu yake, kwa hiyo wapime mbele yako. Kama bado ni nene na usukani hautetemeki ukifunga breki, sioni sababu ya kununua mpya. Kuhusu pedi za nyuma, chungulia kwanza: Fielder nyingi za 1500cc nyuma zina dramu (ngoma ya chuma badala ya diski), na dramu haitumii pedi, inatumia brekishuu, zinazotanuka kwa ndani kuibana ngoma.

Masta silinda unaweza kuijaribu mwenyewe. Washa injini, kanyaga pedali na uishikilie. Ikizama polepole mpaka chini na hakuna mafuta yanayovuja popote, hapo wana hoja. Ikisimama imara, waulize wameona nini. Pedali laini kama sponji ni habari nyingine, mara nyingi ni hewa ndani ya mfumo.

Waulize pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta hayo hunyonya unyevu, na ukiteremka Mai Mahiu mguu uko kwenye breki njia nzima, yanaweza kuchemka na pedali ikaenda chini bila kushika kitu. Mimi hubadilisha kila miaka 2, na mteremko ule nashuka na gia ndogo. Wewe usiupite kabisa kabla ya kutengeneza.

Wakifungua, piga picha za pedi za kulia, ya ndani na ya nje zikiwa pamoja, uziweke hapa tuzione.