Siafu Ndani ya Ndoo, na Maswali Mengine ya Vyura na Nyoka

SWALI: Tunachunguza vyura katika msitu wa Uluguru. Tumefukia ndoo 11 za lita 20 kwenye mstari na kusimamisha uzio wa nailoni juu yake. Usiku wa tatu ndoo tano zilikuwa na siafu na mifupa tu, mbili zimejaa maji. Vyura wa mitini hatujapata hata mmoja. Tumekosea wapi? – *Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Idadi ya ndoo haina shida, ndiyo inayotumika sana katika misitu ya Tao la Mashariki. Ziachane mita 5, uzio uwe na kimo cha sentimita 50 hivi na upite katikati ya mdomo wa kila ndoo. Angalieni mambo mawili ambayo wengi huyapuuza. Mdomo wa ndoo ulingane na ardhi au uwe chini kidogo, maana ukingo ukichomoza hata sentimita mbili, chura mdogo anauzunguka na kwenda zake. Pili, upindo wa chini wa nailoni ufukiwe kwa udongo. Ukiachwa unapepea, wanyama wanapita chini yake.

Siafu hawana dawa, na tunasema hivyo kwa maana halisi: msipulize dawa ya wadudu hata kidogo. Ngozi ya chura hufyonza maji na chochote kilichomo, kwa hiyo mtaua mlichokuja kuhesabu. Majivu nayo yanakwisha nguvu mvua ya kwanza inaponyesha. Fungeni vifuniko vya ndoo zilizovamiwa, msubiri msafara uhame, kisha mfungue tena. Halafu andikeni kwenye daftari. Ndoo 11 kwa usiku 10 ni mitego-usiku 110. Tano zikifungwa usiku mbili, mnabaki na 100. Msipopunguza hesabu hiyo, mtadai msitu una vyura wachache kuliko waliopo.

Kuhusu maji, toboeni kitako cha kila ndoo matundu matano au sita ya milimita 5. Lakini ndoo ikiwa bondeni, matundu hayohayo yatapandisha maji kutoka chini. Hiyo hamisheni kwenye mteremko. Wekeni majani makavu ya kufunika kitako tu, na kipande cha mti kinachoweza kuelea. Majani yakizidi, mtaingiza mkono bila kuona kilichojificha.

Na mkono usiingie kabisa kabla ya kumulika. Nyoka wa jenasi *Atractaspis*, mdogo, mweusi, anayeishi ardhini na kutoka usiku baada ya mvua, ana meno ya sumu yanayochomoza pembeni hata mdomo ukiwa umefumbwa. Ule mtindo wa kumbana nyuma ya kichwa, ambao kwa nyoka wengine humpa mtaalamu usalama, kwa huyu ndio unaomchoma kidole. Tumieni koleo ndefu.

Kagueni alfajiri na tena jioni. Kirukanjia na wanyama wengine wadogo wenye damu moto hufa upesi kwa njaa na baridi, na mzoga mmoja ndio unaowaita siafu.

Vyura wa mitini hamtawapata kwa ndoo. *Leptopelis* na *Hyperolius* wana vidole vyenye vigandio, wanapanda ukuta wa plastiki na kutoka. Hao tafuteni usiku kwa tochi ya kichwani, watu wawili, saa nzima iliyopimwa, mkianza muda uleule kila siku, na mrekodi milio kwa simu.

SWALI: Kwa nini watafiti wanalazimishwa kuosha buti kabla ya kuingia kwenye mabonde ya vyura? Si wanakwenda kwenye matope tena? – *Mwongoza watalii, Ifakara*

JIBU: Kwa sababu ya kuvu ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura na kusafiri ndani ya tope na maji. Mfano mnao jirani. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua mno; mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa. Waliobaki waliwekewa mabomba ya kunyunyizia, idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka, na kuvu hiyo ikagundulika bondeni. Mwaka 2009 alitangazwa ametoweka porini. Kundi la kwanza lilirudi Dar es Salaam 2010, na bondeni 2012. Baada ya safari yote hiyo, buti chafu ni hatari isiyo na sababu.

Kuosha kwenyewe: sugueni tope lote kwanza kwa brashi na maji, kwani tope hula nguvu ya jiki. Kama lebo inasema asilimia 3.5, changanyeni vikombe viwili vya jiki na vitano vya maji, mpate asilimia 1. Dakika moja inatosha kuua kuvu, sisi tungeacha tano. Changanyeni siku hiyohiyo, msisuuze karibu na mto kwa kuwa jiki huua viluwiluwi, kisha buti zikauke kabisa.

SWALI: Nikilima nakuta kitu kama mnyoo mkubwa wa rangi ya bluu-nyeusi, lakini kinafungua mdomo. Majirani wanasema ni nyoka na wanakikata jembe. Ni nini? – *Mama mkulima, Wundanyi*

JIBU: Mama, kwa maelezo yako na mahali ulipo, huyo ni sesilia, ndugu wa vyura asiye na miguu. Jina lake la kitaalamu ni *Boulengerula taitana*, na anapatikana Milima ya Taita tu. Hana sumu ya kumdhuru mkulima. Anakula mchwa na minyoo.

Mweke kwenye kiganja kilicholowa uhakikishe. Mnyoo hana taya. Nyoka kipofu wa ardhini ana magamba laini yanayong'aa na ulimi wenye ncha mbili. Sesilia ana pingili mwilini, taya na meno madogo, na ngozi yenye unyevu isiyo na magamba ya kuonekana.

Ukifukua mmoja amejiviringisha juu ya vitoto, mfukie hapohapo. Ngozi ya mama hunenepa mafuta wakati wa kulea, na watoto huibandua kwa meno na kuila. Ndiyo chakula chao. Akiondolewa, hawana kingine. Matandazo na samadi vinawafaa kwa kuwa vinashika unyevu.

SWALI: Wanafunzi wameleta nyoka aliyeuawa barabarani. Nimhifadhi vipi? – *Mwalimu wa biolojia, Muheza*

JIBU: Mwalimu, kwanza muulize afisa wanyamapori wa wilaya, maana kumiliki mnyama wa porini, hata mfu, kunahitaji kibali. Na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma, kisishikwe.

Ukiruhusiwa: fomalini ya dukani sehemu moja, maji sehemu tisa. Mdunge mchanganyiko huo kwa sindano tumboni kila sentimita chache, au mpasue upande wa chini mara kadhaa, la sivyo ataoza ndani huku ngozi ikionekana nzima. Mzungushe mviringo kabla hajakakamaa. Mwache ndani ya fomalini hiyo wiki moja, au mbili kwa mnene, kisha mloweke kwenye maji safi siku nzima na kumhamishia kwenye alkoholi ya asilimia 70. Fanya hayo nje, ukiwa na glovu, si darasani. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa pamoja naye: mahali, tarehe, aliyemwokota. Wino wa kalamu huyeyuka.