Ng'ombe kazaa salama, kesho yake hainuki: kalsiamu na misuli

Mkuu uliyeuliza kwa nini ng'ombe wako kazaa jana vizuri, leo kalala hainuki na masikio ya baridi, na kama kweli dripu ya kalsiamu itamsimamisha: ndiyo, ikiwahi. Nafuga huku Rungwe, na hali hiyo nimeiona zizini kwangu kwa Jersey waliokwisha zaa mara kadhaa.

Lita 10 za dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, hubeba gramu 20 na ushei za kalsiamu, wakati iliyomo kwenye damu yote ya ng'ombe ni gramu chache tu. Maziwa yakishuka kwa kasi, damu hupungukiwa kabla homoni ya tezi za paradhairoidi, tezi ndogo za shingoni, haijachota nyingine mifupani.

Wengi hudhani msuli wenyewe umeishiwa. Hapana. Seli ya msuli ina ghala lake la kalsiamu. Amri ikifika, ghala hufunguka, kalsiamu hushika protini iitwayo troponini, nyuzi huvutana na msuli hukaza. Ikirudishwa ghalani, msuli hulegea. Kinachokwama ni amri. Ncha ya neva huhitaji kalsiamu ya nje ya seli ili imwage asetilikolini, kemikali inayobeba amri, kwenye msuli. Ng'ombe huanza kwa kutetemeka, kisha amri ikikwama hulegea, hukunja shingo ubavuni, tumbo hujaa gesi na kinyesi hukwama. Kumchapa ni kumtesa bure, miguu haijapata habari.

Ita daktari wa mifugo sasa hivi. Dawa ipashwe iwe vuguvugu, iingie mshipani polepole, dakika 10 hadi 20, huku akisikiliza moyo; moyo nao ni msuli, na kalsiamu ya ghafla huweza kuusimamisha. Wangu alianza kutetemeka mapaja, akacheua, akaanya, kisha akajiinua mwenyewe. Nilifurahi mno.

Mkimsubiri daktari, mkalishe kwa kifua, asilale ubavu, na mgeuze kila baada ya saa chache. Uzito wake hubana paja la chini, damu haipiti, na msuli ukishakufa hata kalsiamu haitamnyanyua.

Mzao ujao, wiki 3 za mwisho kabla hajazaa punguza lusina (majani yenye kalsiamu nyingi) na usimpe chokaa, ambayo nayo ni kalsiamu, ili tezi zile zianze kazi mapema. Kwa sasa, akisimama, usimkamue mpaka kiwele kikauke siku mbili za mwanzo. Toa ya kumtosha ndama tu.