Usimsainie Mwenzako: Ninayowaambia Mwaka wa Kwanza Wiki ya Kwanza

Novemba hapa Dodoma jua linachoma, vumbi limetanda, na kila mtu anaitazama anga akingoja mvua. Ndio majira ambayo mwaka wa kwanza wanashuka stendi ya Nanenane na mabegi na magodoro, wakielekea Chimwaga, Mipango, St. John's na vyuo vingine vya mji huu. Nafundisha chuo kimoja kati ya hivyo. Kila mwaka wiki ya kwanza sifundishi mada yoyote. Nazungumza na wanafunzi kuhusu namna tutakavyoishi darasani mpaka muhula uishe, na haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, mwongozo wa kozi. Ni ile karatasi ya kurasa tatu nne inayogawiwa siku ya kwanza, au inayotumwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa na kuzikwa chini ya salamu na vichekesho. Nilipokuwa mwanafunzi sikuisoma. Nilitoka sekondari ya bweni ambako kengele ililia, zamu ikaitwa, na mwalimu akakumbusha mara tatu kwamba kesho kuna jaribio. Chuoni hakuna aliyenikumbusha. Tesiti ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwenye mwongozo, wiki ya sita, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Saa mbili hiyo mimi nilikuwa hosteli nafua nguo. Alama 15 kati ya 40 za kazi za muhula zikaondoka asubuhi moja. Mtihani wa mwisho wenye alama 60 haukuweza kuniokoa, nikaingia sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu yetu ilikuwa inaishia C hata ujibu vizuri vipi. Nyumbani walikuwa wamechanga nauli. Sikuwaambia mpaka nilipomaliza digrii.

Kwa hiyo baki dakika kumi baada ya kipindi cha kwanza. Chukua daftari, andika tarehe za tesiti, siku za kukusanya asaimenti, na alama za kila kimoja. Usimwachie CR, mwakilishi wa darasa, kazi hiyo. Naye ana masomo yake.

Jambo la pili ndilo ninalolizungumza kwa muda mrefu kuliko mengine yote: kusainiana mahudhurio.

Kozi zangu zinadai mwanafunzi ahudhurie asilimia 75 ya vipindi. Karatasi inazunguka, kila mtu anaandika namba yake ya usajili na kusaini. Mwaka mmoja nilihesabu saini 94, nikahesabu vichwa, nikapata 61. Wanafunzi wengi wanaona huo ni utu: mwenzangu kachelewa daladala, mwenzangu kaenda kuhangaikia bumu lake, hela ya mkopo wa kujikimu, kwa nini nisimsitiri? Huwa sibishani nao kuhusu utu. Nawasimulia kisa kimoja, bila majina.

Binti mmoja aliugua malaria kali Jumapili usiku, akalazwa. Jumatatu na Jumanne rafiki yake wa chumbani akamsainia, kwa nia njema kabisa. Jumatano kulikuwa na tesiti, naye bado yuko wodini. Alipopona alileta cheti cha hospitali akiomba afanye tesiti maalumu, haki ambayo kanuni zinampa. Lakini cheti kinasema alilazwa tangu Jumapili usiku, na karatasi zangu zinasema Jumatatu na Jumanne alikuwepo darasani. Waliokuwa wakipitia ombi lake wakauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: kipi ni cha kweli? Msichana aliyekuwa mgonjwa kweli akaonekana mwongo. Zikapita wiki tatu za kufuatilia kumbukumbu za hospitali na kuandika maelezo. Mwishowe alifanya tesiti yake, akafaulu. Rafiki yake alipewa barua ya onyo, na yule aliyeugua alilia kwa ajili ya ile barua kuliko alivyolia kwa ajili ya malaria.

Tangu hapo darasa likijua kisa hicho, saini hukaribia kulingana na vichwa. Ukimpenda mwenzako, mpigie simu umuulize yuko wapi. Kama ni mgonjwa, niambie mimi siku hiyo hiyo.

Simu za mkononi nitazisema kwa ufupi: ziwe kimya, na anayesubiri simu ya dharura kutoka nyumbani akae karibu na mlango, atoke bila kuomba ruhusa.

Kuuliza maswali kunahitaji maneno zaidi. Mtoto wetu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba, sekondari akahamishiwa Kiingereza, na chuoni anatarajiwa kubishana na mhadhiri kwa lugha hiyo mbele ya watu mia mbili. Ananyamaza. Nami zamani niliuona ukimya huo nikaudhani ni uelewa. Sasa sheria ya darasa langu ni kwamba swali linaulizwa kwa lugha uliyo nayo. Uliza kwa Kiswahili, changanya, anza sentensi uishie katikati. Nitalirudia swali lako kwa Kiingereza ili ulisikie linavyosemwa, kisha nitalijibu. Na anayemcheka mwenzake kwa sababu ya matamshi, hilo silivumilii hata kidogo. Nimeona kicheko kimoja cha wiki ya pili kikimfunga mtu mdomo miaka mitatu.

Kingine kinachowashangaza wengi ni hesabu ya saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Vipindi vya saa 3 kwa wiki, kwa wiki 15, ni saa 45 tu. Zinazobaki ni zako: maktaba, kwenye vimbweta (viti vya kujisomea nje), kwenye semina, peke yako na kitabu. Ninapotarajia uje umeshasoma, nadai saa ambazo tayari zimo ndani ya digrii unayoiomba.

Kazi za vikundi: kila sehemu iandikwe jina la aliyeifanya, na siku ya kuwasilisha naweza kumuuliza yeyote sehemu yoyote. Watu wanane, wawili wakiandika na sita wakichangia hela ya kuchapa, huo ni wizi wa usingizi wa wale wawili.

Kwa wahadhiri wenzangu nina neno pia. Tunafunga mlango saa mbili na dakika kumi, halafu sisi tunaingia saa tatu kasorobo. Tunahamisha kipindi kwa ujumbe wa saa tano usiku, na asubuhi mwanafunzi asiye na bando anapanda kilima juani kwenda kwenye chumba kitupu. Mimi nimejifunga mbele ya darasa: nikichelewa dakika 15 bila taarifa, waondoke na siku hiyo ihesabiwe wamehudhuria. Tesiti narudisha ndani ya wiki mbili. Imenitokea mara moja wakaondoka, na niliwakuta njiani nikawaomba radhi.

La mwisho ni kutoa taarifa mapema. Msiba, ujauzito, ada, mzazi mgonjwa. Sijawahi kumfukuza mtu aliyekuja na jambo lake kabla ya tarehe. Wengi huja baada ya matokeo, wakati mikono yangu imeshafungwa na kanuni. Hawaji kwa sababu hawajui waandike nini, basi nawapa mfano, waunakili ubaoni:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fulani, namba ya usajili fulani, kozi fulani. Nimefiwa na babu, naondoka leo kwenda Kondoa, nitarudi Jumatatu. Asaimenti ya Ijumaa sitaiwahi. Naomba kuikusanya Jumanne."